Vikonyo Vitatu vya Sikio la Paa

Mimi ndiye niliyempeleka mdogo wangu kwenye darasa la picha. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani Ae-gyeong alinivamia. Alikuwa amefiwa na mumewe huko Busan, akarudi kwetu Yeongwol na masanduku mawili, akapanga vyumba viwili ng'ambo ya kichochoro chetu. Tangu majani yalipopukutika hadi theluji ilipoanza kuyeyuka, hakufanya lolote isipokuwa kukaa sakafuni ameegemea ukuta. Nilikuwa nampelekea supu ya chipukizi za soya asubuhi, nikirudi jioni nakuta sufuria haijaguswa. Siku moja nikachoka. Nikamwambia avae viatu, tunakwenda kupiga maua picha. Akaniuliza maua gani, na nje kote barafu. Nikamwambia atayaona huko huko.

Wakati huo nilikuwa na miaka sita katika darasa la Mwalimu Gu. Ni darasa la wastaafu, watu kumi na wanne. Jumatatu tunakaa ukumbini, Alhamisi tunapanda milimani. Mwalimu mwenyewe alikuwa mfamasia kabla ya kustaafu, na hadi leo anazungumza polepole, kama anayemweleza mgonjwa vidonge vya kumeza baada ya chakula. Mimi nilikuwa katibu. Nilikuwa na lenzi maalumu ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, zawadi ya mwanangu Han-gyeol nilipotimiza miaka sitini, na stendi ya miguu mitatu niliyoibeba mgongoni kama bunduki. Kila mwaka kwenye maonyesho picha yangu haikukosa. Wenzangu walizoea kuniita Mama Maua, nami nikijifanya sijali, lakini jina hilo nililipenda sana.

Ae-gyeong alikuja na kamera ya marehemu mumewe, kuukuu, yenye lenzi fupi ya kawaida. Alhamisi ile ya kwanza tulikuta maua ya manjano yametoboa theluji kwenye mteremko unaopata jua. Akainama kwenye moja, akasogea, picha ikawa ukungu mtupu. Akarudi nyuma, ua likawa dogo kama punje ya haradali.

"Dada, mbona haikubali?" akaniuliza.

Nikacheka, mbele ya watu. Nikamwambia lenzi hiyo ni ya kupigia maharusi, ua halitaki mchezo. Wawili watatu wakacheka na mimi. Mwalimu Gu hakucheka. Aliichukua kamera, akaifungua lenzi, akaigeuza nyuma mbele, akaibana kwa vidole pale pale mdomoni mwa kamera.

"Sasa usizungushe kitu chochote," akamwambia. "Wewe mwenyewe ndiye unayesogea. Kidogo kidogo, kama unamnyatia kuku. Ukiona uzi mmoja wa ua umetoka ukunguni na kuwa mkali, bonyeza."

Ae-gyeong akapiga magoti kwenye theluji, akasogea hadi lenzi ikawa karibu kuligusa ua. Akabana pumzi. Aliponionyesha kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera, niliona chavua imetulia juu ya nyuzi za katikati ya ua, chembe moja moja, kama unga wa mchele kwenye kidole. Alikuwa anatabasamu, na lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu mazishi. Nilifurahi. Nataka hilo nalo lijulikane: siku ile nilifurahi kweli.

Juma lililofuata Mwalimu akamletea pete ya chuma ya kuishikia lenzi iliyogeuzwa, ili asiwe anaibana kwa mkono. Basi. Vifaa vyote alivyokuwa navyo ni hivyo, pamoja na pakiti tupu ya tambi za kuchemsha aliyoipasua, akaiosha na kuitumia upande wa ndani, ule unaong'aa kama fedha, kurudishia mwanga chini ya ua penye giza. Alikuwa analala kifudifudi kwenye kipande cha godoro la plastiki, kidevu kikigusa majani makavu. Mimi nilikaa kwenye kigoda changu, stendi mbele yangu, nikipiga kutoka juu. Magoti yangu hayapendi ardhi, na koti langu lilikuwa jipya.

Yale mambo Mwalimu alikuwa ametufundisha sote. Kwamba ulifuate ua chini lilipo, usiliangalie kama mtu aliye ghorofani. Kwamba utafute mahali ambapo nyuma ya ua kuna kivuli cha mlima, ndipo ua lisimame peke yake kwenye weusi. Kwamba jua likae nyuma ya ua, si nyuma yako. Kwamba huwezi kupata vyote viwe vikali, kwa hiyo chagua uzi mmoja, vingine viache vififie. Kwamba upepo huwa unapumua kama mtu, na kati ya pumzi na pumzi kuna nafasi. Nilikuwa nayo yote kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, na mengine nimeyapigia mstari mwekundu. Ae-gyeong hakuandika neno. Alikwenda akayafanya.

Kuna ua letu la mwanzo wa masika tunaloliita sikio la paa, kwa sababu majani yake yakichipua huwa yamejikunja na kujaa manyoya kama sikio la mnyama huyo. Vikonyo vyake pia vina manyoya, membamba mno, na ukiyapata jua likiwa nyuma yanawaka. Nimelipiga ua hilo miaka sita. Masika yale Ae-gyeong alilipiga kwa mara ya kwanza, na Jumatatu, picha zetu zilipokuwa zinapita ukutani moja baada ya nyingine, Mwalimu alifika kwenye yangu, akasema nzuri, safi, akapita. Akafika kwenye ya Ae-gyeong, hakupita. Halafu akainuka, akasogea karibu na ukuta, akaanza kuonyesha kwa kidole jinsi manyoya yalivyoshika mwanga kuanzia ardhini hadi chini ya ua. Nilitazama saa. Alizungumza dakika kumi na moja.

Nilipiga makofi kama wengine.

Mambo ya darasani ningeyavumilia. Lililonichoma moyoni lilitoka nyumbani. Mume wangu, Baba Han-gyeol, amefanya kazi reli miaka thelathini na minne, na picha zangu zote hizo alikuwa akizitazama kwa maneno mawili tu: "Maua tena?" Basi jioni moja naandaa meza, simu yake ikalia pembeni ya bakuli la wali, na kioo kilipowaka nikaliona sikio la paa, manyoya yake yote yamewaka.

"Hii kaipiga shemeji," akasema, akinisogezea nione vizuri. "Yaani mtu unaona hadi nywele."

Nikamuuliza, na zangu?

"Zako si ziko kwenye kompyuta?"

Hakusema kwa ubaya. Yeye ubaya hajui, na hilo ndilo lililozidi kuniuma. Nilimkaangia makrili, samaki wake wa kila siku, bila chembe ya chumvi, akala wote akasema mtamu.

Tangu hapo nikawa mtu nisiyemjua. Nikimwona Ae-gyeong amelala chini mahali, naenda nasimama jirani ili kivuli changu kiguse ua lake, halafu naomba radhi. Mimi ndiye niliyekuwa natuma ujumbe wa safari kwenye simu za watu. Wa kwake nikawa nauchelewesha, mara mbili akakosa gari. Mwenzetu mmoja aliposifu kamera yake, nilisema kwa sauti ya huruma kwamba maskini, anatumia kitu cha maiti. Maneno yale yalimfikia. Alinijia akaniuliza kama niliyasema, nikamwambia sikumaanisha hivyo, akasema sawa dada. Kwenye maonyesho ya vuli picha yake ikatundikwa mkabala na mlango. Yangu waliiweka kwenye ukuta wa kuelekea chooni. Nilisimama pale saa nzima nikihesabu walioipita bila kugeuza shingo.

Ikaja masika ya pili. Mwaka ule halmashauri iliomba darasa letu liipe picha za kalenda, na picha moja kwa ajili ya jalada. Kila mtu alikuwa anautaka ule ukurasa wa mbele, hata waliosema hawautaki.

Mwisho wa mwezi wa tatu Ae-gyeong akaja jikoni kwangu. Nilikuwa namenya vitunguu saumu; akakaa, akachukua kisu, akaanza kunisaidia. Alikuwa na jambo, nilimwona.

"Dada, nimeona sikio la paa jeupe," akasema kwa sauti ya chini, na humo ndani tulikuwa wawili tu. "Jeupe pee. Limeota kwenye ufa wa mwamba juu ya mto, pale daraja la zamani lilipovunjika. Vikonyo vitatu. Nyuma yake hakuna kitu, ni bonde tupu lenye kivuli."

Nikamuuliza kama limefunguka. Akasema bado, lipewe siku nne, Jumamosi asubuhi litakuwa tayari.

"Twende mimi na wewe tu. Usimwambie mtu, hata Mwalimu. Bwana Cheon akisikia atakwenda kulifagia."

Bwana Cheon ni mwenzetu, mzee mmoja mwembamba ambaye hawezi kuona jani kavu karibu na ua akaliacha. Alikuwa anatembea na brashi ya rangi mfukoni. Mwalimu alikuwa amemgombeza mara tatu, kwamba majani yale ndiyo blanketi la mmea, ukiyaondoa baridi inauua. Kila mara aliahidi kuacha.

Ae-gyeong akanichorea njia nyuma ya karatasi ya duka: daraja, msonobari uliopinda, mwamba. Ningeweza kumwambia asinichoree, kwa kuwa tungekwenda pamoja. Niliikunja nikaiweka kwenye aproni.

Ijumaa nikamwambia mume wangu nakwenda kwa daktari wa meno. Nikapanda basi la saa mbili.

Lilikuwa limefunguka tayari, siku moja kabla. Maua matatu, meupe kama wali mpya, vikonyo vimesimama kwenye ufa mwembamba usioingia hata sarafu. Jua lilikuwa linatoka nyuma ya kilima cha ng'ambo. Kama Mwalimu angeulizwa aagize mahali pa kufundishia, asingeagiza pazuri zaidi. Nikafungua stendi, nikapiga. Nikapiga picha mia na ishirini. Zote zilikuwa safi. Zote zilikuwa kama picha ya pasipoti ya ua.

Nilikaa nikala kimbap yangu, wali baridi ndani ya mwani, nikawa nazitazama moja moja. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka. Mwishowe nikavua koti, nikalitandika juu ya jiwe lenye maji, nikalala. Magoti yalilia. Nikaiacha stendi. Nilikuwa na pakiti ya biskuti. Nikaipasua, nikaigeuza upande wake wa fedha, nikaiegemeza kwenye kijiwe chini ya petali. Nikaanza kusogea kama ninayemnyatia kuku. Nikachagua uzi mmoja wa katikati ya ua la mbele. Upepo ukavuta pumzi, ukatoa, ukatulia, nikabonyeza.

Niliitazama ile picha nikajua. Mtu huwa anajua. Manyoya yalikuwa yamewaka, ua la mbele limesimama kwenye weusi, mawili ya nyuma yamefifia kama watu walio nyuma ya pazia. Katika miaka saba sikuwahi kupiga picha kama ile.

Na furaha yenyewe haikudumu hata muda wa kufunika lenzi. Nilifikiri: kesho atakuja hapa. Atalala kwa dakika kumi, na lenzi yake ya maharusi, na atapiga iliyo bora kuliko hii. Nilimwona kabisa, kidevu chini, na Mwalimu ukutani akionyesha kwa kidole, na simu ya mume wangu pembeni ya bakuli.

Mkono wangu ulikwenda. Sisemi kwamba ulikwenda wenyewe, mimi ndiye niliyeupeleka. Nilibana kikonyo cha kwanza kwa kucha za vidole viwili, chini kabisa, kikakatika bila sauti. Kilikuwa laini kama nyuma ya sikio la mtoto. Cha pili. Cha tatu. Nikayatupa maua mtoni, nikayaona yanakwenda. Halafu nikakunja stendi, nikarudi na basi la saa sita. Mume wangu aliponiuliza jino, nikamwambia wameliziba.

Jumamosi nikaenda naye. Ningesema naumwa, lakini niliogopa kwamba nisipokwenda atashuku. Njia nzima alikuwa anazungumza, yeye ambaye si mzungumzaji; aliniuliza hata habari za jino, maana shemeji yake alikuwa amemwambia. Alikuwa ameosha pakiti mpya ya tambi. Alipofika kwenye mwamba alipiga magoti, akakaa hivyo muda mrefu bila kuitoa kamera. Vile visiki vitatu vilikuwa vimetoa utomvu kidogo.

"Mtu amelikata," akasema. "Ona, dada. Ni kucha hizi."

Nikaiingiza mikono yangu mfukoni. Yeye akageuka akanitazama usoni, akanitazama sana, halafu akaangalia mtoni.

"Au labda ni paa," akasema.

"Labda," nikajibu.

Akaokota majani makavu, akayapanga kuzunguka ule mmea, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Hakupiga picha hata moja siku ile.

Darasani Jumatatu aliwaeleza wenzetu kwamba kuna sikio la paa jeupe limekatwa. Hakuongeza neno. Watu walikasirika sana. Sisi tuna ugonjwa huo unaojulikana: wapo wapigapicha wanaopiga ua halafu wanaling'oa ili mwingine asipate kama hiyo, na kila chama kinasema mtu huyo yuko chama kingine. Sasa ikaonekana yuko kwetu. Macho yakaanza kumwendea Bwana Cheon na brashi yake. Mmoja akasema roho ya namna ile haifai kuachwa karibu na maua. Mwingine akasema aliyezoea kufagia hashindwi kukata. Bwana Cheon akasema hakujua hata ua lenyewe lilikuwa wapi. Wakanigeukia mimi, katibu, niseme kitu, nami nikasema kwamba kila mmoja ajihoji mwenyewe. Nilisema nikiwa nimemtazama Bwana Cheon.

Alhamisi hakuna aliyempa nafasi kwenye gari lake. Alikuja na basi, akafika tumeshaanza, na wakati wa chakula akala peke yake juu ya jiwe, ametugeuzia mgongo.

Ile picha niliificha kwenye kompyuta, ndani ya faili lenye risiti za umeme. Sikuweza kuipeleka kwenye kalenda. Ae-gyeong angeujua ule mwamba hata usingizini. Kuifuta nako sikuweza. Niliifungua kila siku mume wangu akiwa nje. Nilikuwa nimepiga picha ya maisha yangu na hakuna mtu duniani wa kuionyesha.

Mume wangu akaiona. Alikuwa anatafuta risiti. Nilikuwa sokoni nanunua figili, na yeye, ambaye kwa miaka saba alisema maua tena, alikaa mbele ya kile kioo akaishiwa na maneno. Hivyo ndivyo alivyonieleza nilipoingia, uso umemng'aa.

"Mama Han-gyeol, kumbe una kitu kama hiki unanyamaza! Nimemtumia shemeji sasa hivi. Nimemwambia, ona dada yako leo."

Figili zikawa nzito mkononi. Nilimuuliza kama ametuma kweli, akanionyesha. Chini ya picha ilikuwapo tarehe, ile Ijumaa, saa tatu na dakika arobaini.

Ae-gyeong hakupiga simu. Alivuka kichochoro, akavua viatu mlangoni, akavipanga vizuri kama kawaida yake. Mume wangu akaanza kumkaribisha, akatutazama nyuso, akasema anakwenda kununua sigara. Aliacha kuvuta mwaka Han-gyeol alipozaliwa.

"Jino linaendeleaje, dada?" Ae-gyeong akauliza.

Nikakaa. Nikamwambia ni mimi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi kwa siku kama ile, lakini yalitoka hayo mawili tu.

"Nilijua palepale mwambani," akasema. "Nilikuambia wewe tu. Nikasema ni paa ili nawe useme hapana, si paa. Ukasema labda."

Alikuwa ameishika simu yake, na picha ilikuwa bado iko kwenye kioo. Akaiweka mezani kati yetu.

"Unajua kinachoniuma? Ni nzuri. Mimi nisingeipiga hivi. Mimi ningelenga lile la katikati, ningekosea. Ungenishinda, dada. Ungelala usingizi ukaamka umenishinda."

Ndipo nikasema yote, ovyo ovyo. Miaka sita ya daftari. Dakika kumi na moja. Ukuta wa chooni. Kwamba nilimtoa sakafuni kwa mkono wangu, na aliposimama akawa mrefu kuliko mimi. Nilimwambia kwamba kila aliposifiwa nilihisi kama mtu ananivua nguo moja mbele za watu. Nilimwambia hata la makrili asiye na chumvi. Hakucheka.

"Mimi sina kingine," akasema. "Wewe una mume, una Han-gyeol, una wajukuu. Mimi nina ile pete ya chuma. Ungeniambia nipumzike mwaka mmoja, ningepumzika. Ungeniambia tu."

Akainuka. Mlangoni, akiwa ameingiza mguu mmoja kwenye kiatu, akaongeza bila kugeuka:

"Hilo la ua ni letu, tutalimaliza au hatutalimaliza. Lakini Bwana Cheon anakula juu ya jiwe kama mbwa. Hilo si letu."

Jumatatu niliomba nafasi kabla Mwalimu hajazima taa. Nilisimama mahali pangu pa katibu. Nikasema sikio la paa jeupe nililikata mimi, kwa kucha zangu, kwa kumwonea mdogo wangu kijicho. Na kwamba nilipomtazama Bwana Cheon nilijua ninachokifanya. Nikamwomba radhi kwa kuinama, nikabaki nimeinama. Nilikuwa naiona miguu ya meza na soksi za watu.

Mwalimu Gu akasema, kwa ile sauti yake ya vidonge, kwamba ni bora nipumzike hadi mwaka ujao, na kwamba picha yangu haitaingia kwenye kalenda wala kwenye maonyesho. Nikasema nimeelewa. Nikaacha ufunguo wa kabati la darasa mezani. Ae-gyeong alikuwa anatazama mikono yake.

Bwana Cheon akanifuata hadi nje, akasimama kwenye ngazi. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari.

"Miaka yote nimebeba jina baya kwa ajili ya majani makavu," akasema. "Majani, mama. Wewe umekwenda moja kwa moja kwenye shingo."

Akatikisa kichwa, akarudi ndani. Baadaye nilisikia kwamba ameitupa ile brashi. Wengine wanasema amenunua nyingine ndogo zaidi.

Nilipomweleza mume wangu, akasema, kumbe yeye ndiye aliyenianika. Nikamwambia hapana, yeye alinisifu. Akaniuliza kwa nini sikuwahi kumwambia kwamba nilitaka kusifiwa. Nilishangaa kwamba jambo kama hilo mtu anatakiwa kulisema.

Ile picha niliifuta mwenyewe, asubuhi, kabla ya kunawa uso. Sikutaka kuifuta. Hadi sasa nikifumba macho naiona.

Majuma saba Ae-gyeong alinipita kichochoroni. Hakuninunia. Alisema umeamkaje dada, akaendelea na safari yake, na salamu ile ya adabu ilikuwa nzito kuliko tusi. Nilimpelekea tango la kuchachua, bakuli likarudi limeoshwa, tupu. Nilimpelekea tena. Kalenda ilipochaguliwa nilisikia kwa watu: jalada lilikwenda kwa ua la kawaida tu lililoota kwenye ufa wa saruji, kwenye maegesho ya kliniki, kazi ya mama mmoja ambaye hakuwahi kusifiwa na mtu. Ya Ae-gyeong iliwekwa mwezi wa tisa. Nitakuwa mwongo nikisema sikupumua kwa raha kidogo.

Mwezi wa saba, maua ya kengele yalifunguka kwenye shamba lililo nyuma ya kichochoro, ya zambarau na meupe, yamefika kiunoni. Ni mimea inayolimwa kwa ajili ya mizizi yake, vikonyo vyake ni virefu na havitulii hata kukiwa na upepo wa kupoza chai tu. Nilikuwa napita na mfuko wa taka. Nikamwona Ae-gyeong katikati ya matuta amepiga magoti, amebana pumzi, ameachia, amebana tena, ua linamcheza. Nikapunguza mwendo. Nilitaka aniite na niliogopa aniite.

"Dada," akasema, jicho likiwa bado kwenye kamera. "Njoo usimame hapa kushoto, unikingie upepo."

Nikaweka mfuko chini, nikaingia shambani, nikasimama pale alipoonyesha kwa kidole, nimeipanua sketi yangu kwa mikono miwili. Kivuli changu kilianguka nyuma ya ua, na nikamsikia akisema vizuri, hapohapo, nyuma pamekuwa peusi. Ua likatulia. Aliposogeza kamera kidogo nikaona, kwenye kile kioo chake, mishipa ya petali imejichora kama ile ya mikono ya mtu mzima. Ilikuwa picha ambayo mimi, hata kwa lenzi yangu, nisingeifikiria.

Kijicho kikanijia tena, kile kile cha mwambani.

"Usitikisike," Ae-gyeong akasema.

"Sitikisiki," nikamjibu, nikaendelea kuishika sketi.